Mfahamu Robin Szolkowy, mwenye damu ya Tanzania aliyetwaa ubingwa wa dunia mara 5 kwenye barafu

Baridi ya Karatu mwezi Julai tunaijua, na kule juu ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ndiyo usiseme. Lakini uwanja wa barafu wa kuteleza? Huo hatuna. Labda ndiyo maana wengi wetu hatujawahi kusikia kwamba mmoja wa wanaume waliotamba zaidi duniani katika kuteleza kwenye barafu kwa jozi ni mtoto wa baba Mtanzania.

Anaitwa Robin Szolkowy. Alizaliwa Julai 14, 1979 mjini Greifswald, wakati huo Ujerumani Mashariki. Mama yake ni Mjerumani. Alianza kuteleza akiwa na miaka 4, kwanza akicheza peke yake, baadaye akahamia kwenye jozi.

Mchezo wenyewe ukoje?

Mwanamume na mwanamke wanateleza kwa kufuata muziki, wakiwa na viatu vyenye chuma chembamba chini. Mwanamume anamnyanyua mwenzake juu ya kichwa, na kuna wakati anamrusha. Mwanamke anazunguka hewani mara tatu, kisha anatua kwa mguu mmoja. Wanacheza programu fupi, halafu ndefu, na alama zinajumlishwa. Akianguka mmoja, wanaumia wote wawili.

Jozi na Aliona

Mwaka 2003 Szolkowy aliungana na Aliona Savchenko kutoka Ukraine. Wakajifua mjini Chemnitz chini ya kocha Ingo Steuer. Savchenko alipata uraia wa Ujerumani, wakashiriki Olimpiki ya Turin 2006 na kumaliza nafasi ya 6.

Baada ya hapo ikawa moto:

- Ubingwa wa Ulaya mara 4: 2007, 2008, 2009 na 2011
- Ubingwa wa dunia mara 5: 2008, 2009, 2011, 2012 na 2014
- Shaba ya Olimpiki mara 2: Vancouver 2010 na Sochi 2014

Kule Vancouver, programu yao ndefu ilichezwa kwa muziki wa filamu ya "Out of Africa", ambayo hadithi yake inatokea hapo jirani zetu Kenya.

Dhahabu iliyomkwepa

Karatu tunaijua thamani ya medali ya Olimpiki. Filbert Bayi, mzaliwa wa hapa, alishinda fedha Moscow 1980 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hiyo na ya Suleiman Nyambui, fedha ya mita 5,000 mwaka huohuo, ndizo medali pekee za Olimpiki za Tanzania. Shaba mbili za Szolkowy zinahesabiwa Ujerumani.

Yeye alichotaka ni dhahabu. Sochi, baada ya programu fupi, walikuwa nafasi ya 2. Kwenye programu ndefu makosa yakaingia. Bado mwishoni kabisa wakajaribu mrusho mgumu kupita kiasi, wa mizunguko mitatu na nusu hewani. Savchenko akaanguka. Dhahabu ikaenda kwa Warusi Tatiana Volosozhar na Maxim Trankov, fedha nayo ikabaki Urusi.

Mwezi mmoja baadaye walienda Saitama, Japani, wakatwaa ubingwa wa dunia wa tano. Szolkowy akastaafu hapohapo, akiwa bingwa.

Kilichofuata

Savchenko hakuacha. Alipata mwenzake mpya, Mfaransa Bruno Massot, na mwaka 2018 wakaichezea Ujerumani na kushinda dhahabu ya Olimpiki Pyeongchang. Szolkowy yeye aligeukia ukocha, akafanya kazi na jozi ya Urusi ya Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov.

Kwa hiyo rekodi yake inasomeka hivi: dunia 5, Ulaya 4, dhahabu ya Olimpiki 0. Kama kuna mtu anakuambia Mtanzania na barafu havikutani, mtumie hii.