Rangi ya Mbingu na Tuhuma ya Vumbi

Waswahili huiita rangi ya anga samawati, na asili ya neno hilo katika Kiarabu ni mbingu zenyewe. Kuipa rangi jina kulikuwa kwepesi. Sababu yake ndiyo iliyowasumbua wataalamu. Walio wengi katika karne ya 19 waliiona hewa safi kuwa haina rangi, wakashuku kitu kigeni kilichomo ndani yake.

Mwaka wa 1869 John Tyndall, mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi London, alitia mvuke mwembamba katika bomba la kioo, akapitisha ndani yake mwali mkali wa taa. Mvuke ulipoanza kugandamana kuwa chembe zilizoishinda hadubini kwa udogo, bomba lilijaa samawati tulivu. Chembe zilipozidi kukua, rangi ikafifia ikawa nyeupe. Hakuna jaribio lililo zuri kuliko hili katika habari nzima, ingawa lilimwacha Tyndall katika imani kwamba rangi ya mbingu hutokana na chembe zinazoelea hewani.

Mwaka wa 1871 John William Strutt, ambaye baadaye aliitwa Lord Rayleigh, aliligeuza jambo hilo kuwa hesabu. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa mawimbi, marefu ya wekundu na mafupi ya samawati. Chembe iliyo ndogo mno kuliko wimbi huyatawanya zaidi yaliyo mafupi: wimbi lenye urefu mara 2 ya jingine hutawanywa kwa sehemu 1 tu katika 16. Ndiyo maana samawati humjia mtazamaji kutoka kila pembe ya anga. Jua linapotua, nuru yake hupita katika hewa nyingi zaidi. Samawati hupotelea njiani, wekundu ukafika. Urujuani una mawimbi mafupi zaidi, walakini jua hutoa uchache wake, na jicho ni zito kuuona.

Ama chembe zenyewe ni kitu gani? Rayleigh alidhani yamkini ni chumvi. Dhana hiyo ilikuwa na kasoro ambayo bomba la Tyndall lilikwisha kuidokeza: vumbi nene huipausha mbingu, na mvua ikishaosha hewa samawati hukolea.

Mwaka wa 1873 James Clerk Maxwell alimwandikia Rayleigh barua, akiuliza kama hesabu ile haiwezi kutumiwa kwa molekuli za hewa, ili ukubwa wake ujulikane. Maxwell alifariki mwaka wa 1879. Jibu lilichapishwa mwaka wa 1899, miaka 26 baada ya barua: hewa peke yake, pasipo vumbi lolote, yatosha kuleta samawati iliyo karibu sana na ile ionekanayo. Kilichotuhumiwa kuwa uchafu kilikuwa hewa yenyewe.

Hesabu ilihitaji bado kushuhudiwa kwa macho. Mwaka wa 1918 Robert John Strutt, mwana wa Rayleigh, alipitisha nuru katika hewa iliyoondolewa vumbi, akaiona ikitawanyika. Baba yake alifariki mwaka uliofuata.