Git na Subversion: Historia Fupi, kwa Jicho la Mtu wa Mazwi

Mwanzoni mwa karne hii, mtu wa Mazwi, hapa Tanzania, aliyetaka kushirikiana na wenziwe wa mbali katika kuandika programu alikuwa na dhiki kubwa, kwani msimbo wao aghalabu uliwekwa katika hazina ya Subversion, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, ambayo historia yake yote ilishikwa na seva moja tu, hata ikawa kila atakaye kuchungua mabadiliko ya kale, au kuingiza yake mapya, hana budi kwanza kuifikia seva hiyo. Nayo nchi yetu, kabla ya mkonga wa baharini wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwezi wa Julai 2009, ilitegemea zaidi mtandao wa setelaiti, ghali na mzito.

Wala Subversion haikuwa chombo duni. Kampuni ya CollabNet iliianzisha mwaka 2000 ishike mahali pa mfumo uliotangulia, CVS, toleo la 1.0 likatoka 2004, na miradi ya maana ikaiamini, mmojawapo ukiwa OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoasisiwa mwaka huo huo na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006.

Aprili 2005 Linus Torvalds alitunga Git, ambayo kila nakala yake hubeba historia kamili. Walakini wenye miradi hawakuwa tayari kuhama kwa siku moja, na hapo ndipo ilipodhihiri fadhila ya Eric Wong, aliyeandika git-svn mwaka 2006: kwayo mtu huivuta hazina ya Subversion, badiliko baada ya badiliko tangu la kwanza (kazi iwezayo kula siku nzima, hazina ikiwa kongwe), kisha akafanya kazi kwenye kompyuta yake ya mezani hata mtandao ukikatika, akatenga matawi, akasahihisha, na mawasiliano yakirejea akaanza kwa «git svn rebase» kupokea ya wenziwe, ndipo kwa «git svn dcommit» akapeleka yake. Sharti ni kwamba historia inyooshwe mstari mmoja, kwa sababu miunganiko ya matawi ya Git haisafiri salama hadi Subversion. Nami naona ubora wake mkubwa ni kuwa haikuhitaji idhini ya msimamizi yeyote, kwani seva ilipokea mabadiliko hayo kama mengine yote.

OpenMRS nayo hatimaye ilihamia Git. Miradi iliyohama kwa git-svn huandaa kwanza orodha ya kulinganisha kila jina la mtumiaji wa Subversion na jina kamili la mwenyewe, kazi ya mkono na ya kuchosha, ambayo ndiyo huhakikisha kwamba aliyesahihisha mstari mmoja miaka mingi iliyopita angali anatajwa kwa jina lake kamili.