Jemadari Aliyepewa Kazi ya Kuondoa Jeshi

Historia ya vita huwasifu mno majemadari waliovuka mito kwenda mbele. Aliyevuka mto kurudi nyuma husifiwa kwa nadra, na mara nyingi hunyamaziwa. Lakini kila ofisa aliyepata kuongoza msafara anajua kwamba kuliondoa jeshi zima katika nchi ya kigeni, njia ikiwa moja, theluji ikianguka na adui akitazama kutoka milimani, ni kazi inayodai akili na nidhamu kupita mashambulizi mengi. Kazi hiyo alipewa Jemadari Boris Gromov wa Umoja wa Kisovieti, na aliikamilisha tarehe 15 Februari 1989. Maisha yake yana swali linalomhusu kila mtu aliyevaa sare ya taifa lake: ni upi wajibu wa askari anapotumwa kufanya jambo ambalo bunduki haiwezi kulimaliza?

Boris Gromov alizaliwa katika mji wa Saratov, kando ya mto Volga, tarehe 7 Novemba 1943. Nchi yake wakati huo ilikuwa katika vita vya kufa na kupona dhidi ya Ujerumani ya Hitler, na baba yake aliuawa katika vita hivyo mwaka huo huo. Serikali ya Kisovieti ilikuwa imefungua shule za kijeshi zilizopewa jina la Suvorov, jemadari mashuhuri wa zamani wa Urusi, ili kuwalea watoto wa kiume waliopoteza baba zao vitani. Kijana Gromov alipitia shule ya namna hiyo, akaendelea na chuo cha maofisa mjini Leningrad, kisha akahitimu katika Chuo cha Frunze mjini Moscow mwaka 1972. Hakuonja maisha mengine ila ya jeshi.

Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Viongozi wa Moscow walitaka kuiokoa serikali ya kirafiki iliyokuwa ikiyumba kwa ugomvi wa ndani na kwa uasi wa wananchi vijijini. Jeshi lililotumwa, Jeshi la 40, lilifikia watu wapatao 100,000. Lilitazamiwa kulinda miji na barabara kuu kwa muda mfupi, na kuliachia jeshi la Afghanistan lenyewe kazi ya kupambana na waasi. Mambo hayakwenda hivyo. Wapiganaji wa mujahidina walipata hifadhi na silaha kupitia Pakistan, Marekani ikiwafadhili, na kila kijiji kilichopigwa mabomu kilizaa wapiganaji wapya. Gromov alipelekwa huko mwaka 1980, akaongoza divisheni mpaka mwaka 1982. Alirudi tena mwaka 1985, na mara ya tatu, mwaka 1987, alikabidhiwa Jeshi la 40 lote.

Operesheni yake kubwa kuliko zote ilihusu barabara ya kutoka Gardez kwenda Khost, mji ulio karibu na mpaka wa Pakistan. Mji huo ulikuwa umezingirwa kwa miaka mingi, na chakula na risasi vilifika kwa ndege tu. Gromov alianza kwa mazungumzo na wazee wa kabila la Wajadran, wenye milima ile. Mazungumzo yaliposhindikana, Novemba 1987 alitumia hila. Ndege ziliangusha miamvuli juu ya kipito cha mlimani, lakini iliyoning'inia chini yake ilikuwa ni sanamu, wala si askari. Wapiganaji waliokuwa wamejificha walifyatua risasi, wakaonyesha kwa mikono yao wenyewe mahali mizinga na bunduki zao zilipo, na mizinga ya Kisovieti ikazilenga. Siku za mwisho za mwaka huo misafara ya malori iliingia Khost. Machi 1988 Gromov alitunukiwa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti.

Kilichofuata hakikuandikwa kwenye nishani hiyo. Majeshi hayakuweza kukaa milele juu ya kila kilele kando ya barabara ile. Yalipoondoka mwanzoni mwa mwaka 1988, haukupita muda mrefu barabara ikafungwa tena. Operesheni iliyopangwa kwa ustadi mkubwa, ikatekelezwa kwa ushujaa, ikagharimu maisha ya vijana, ilinunua majuma machache tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa sura ya vita vyote vya Afghanistan. Jeshi la Kisovieti liliweza kufika popote lilipotaka kufika, lakini halikuweza kuwafanya wenye nchi waikubali serikali wasiyoitaka.

Mikhail Gorbachev, aliyeshika uongozi mwaka 1985, alilitambua jambo hilo. Tarehe 14 Aprili 1988 mikataba ilitiwa sahihi mjini Geneva, na tarehe 15 Mei vikosi vya kwanza vikaanza kuondoka. Kufikia katikati ya Agosti nusu ya jeshi ilikuwa imekwisha kwenda. Nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na mtihani mkubwa. Kutoka Kabul kwenda mpakani palikuwa na barabara moja, inayopanda milima ya Hindu Kush na kupita ndani ya mlima wa Salang, kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,000. Kambi zilikabidhiwa kwa jeshi la Afghanistan, vituo vya ulinzi viliachwa kando ya barabara, na kila kituo kiliondolewa baada tu ya msafara wake kupita. Zaidi ya hayo, yalifanywa maelewano ya kimyakimya na makamanda wa upande wa pili, kwamba anayeondoka asipigwe naye asipige.

Hapo ndipo palipotokea doa. Januari 1989, majuma machache kabla ya mwisho, Moscow iliamuru mashambulizi makali ya ndege na mizinga dhidi ya wapiganaji wa Ahmad Shah Massoud karibu na Salang. Rais Najibullah wa Afghanistan alikuwa ameomba pigo hilo, akihofia Massoud atakuwa na nguvu mno Warusi wakishaondoka. Makamanda wa Kisovieti waliokuwa Kabul hawakuliona kuwa na maana, kwa sababu Massoud alikuwa hazuii barabara. Hata hivyo amri ilitekelezwa, na raia wakafa katika vijiji vilivyokuwa kandokando ya njia. Walioshuka na msafara walipita mbele ya maiti za watu ambao vifo vyao havikubadilisha chochote. Anayemsifu Gromov kwa jinsi alivyoliondoa jeshi lake hana budi kulitaja jambo hili pia, kwa kuwa nalo limo katika hesabu ya safari hiyo.

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 1989 Gromov alivuka kwa miguu daraja la mto Amu Darya, akaingia Termez katika ardhi ya Kisovieti, ambako mwanawe alimpokea kwa maua. Kulikuwa na askari wa mpakani waliomaliza kazi yao baada yake, na kulikuwa na mateka waliobaki nyuma. Lakini Jeshi la 40 lilikuwa limetoka. Wanajeshi wa Kisovieti wapatao 15,000 walikuwa wamekufa kwa miaka 9. Waafghanistan waliokufa hawana hesabu kamili. Ni mamia ya maelfu kwa makadirio ya chini, na mamilioni walikuwa wakimbizi. Desemba mwaka huo huo Bunge la Wajumbe wa Watu mjini Moscow lilitamka kwamba uamuzi wa kupeleka majeshi Afghanistan ulistahili kulaaniwa.

Mwishoni mwa mwaka 1990 Gromov alihamishiwa Wizara ya Mambo ya Ndani, akawa Naibu Waziri wa Kwanza, na hivyo akaingia katika uongozi wa polisi na askari wa usalama wa ndani. Julai 1991 jina lake lilikuwa miongoni mwa majina yaliyotia sahihi tamko la wapinzani wa mageuzi, waliolia kwamba nchi inasambaratika. Mwezi uliofuata kikundi cha viongozi, akiwemo Waziri wake, Boris Pugo, kilijaribu kunyakua madaraka. Mizinga na vifaru vilijaa mjini Moscow, na maelfu ya raia walilizunguka jengo la Bunge la Urusi. Wakati ulipofika wa kulivamia jengo hilo, vikosi vya Wizara ya Mambo ya Ndani havikwenda. Mtu aliyesikitikia kuvunjika kwa dola yake hakukubali kuiokoa kwa kuwapiga risasi wananchi wake. Umwagaji mkubwa wa damu uliepukwa, na jaribio lile likaanguka baada ya siku tatu.

Miaka mitatu baadaye swali lile lile lilimrudia. Desemba 1994, akiwa Naibu Waziri wa Ulinzi wa Urusi, aliiona serikali ya Rais Boris Yeltsin ikipeleka majeshi Chechnya. Gromov alipinga hadharani. Alikwisha kuona jinsi vita vya milimani vinavyoanza kwa ahadi ya siku chache. Usiku wa kuamkia mwaka 1995 vikosi visivyoandaliwa vizuri vilisukumwa ndani ya mji wa Grozny, na askari wengi vijana waliteketea ndani ya magari yao ya deraya. Gromov alipoteza cheo chake wizarani. Vita vile vilisimama Agosti 1996, majeshi yakaondoka, na mwaka 1999 vikaanza tena. Yeye aliingia katika siasa, akawa Gavana wa Mkoa wa Moscow tangu mwaka 2000 hadi 2012, na akaongoza chama cha askari wastaafu waliopigana Afghanistan na kwingineko.

Katika kitabu chake juu ya vita vile, Gromov alieleza kwamba Jeshi la 40 halikushindwa wala halikushinda. Waafghanistan waliozika watoto wao wana haki ya kulipima neno hilo kwa namna yao. Ila kwa askari, maisha ya jemadari huyu yanabainisha jambo moja. Nidhamu ni kutii amri halali, na pia ni kusema kweli mbele ya mtoa amri kabla damu haijamwagika. Gromov aliisema kweli hiyo mwaka 1994, na gharama yake ilikuwa kiti wizarani. Januari 1989 amri ya Salang ilitekelezwa ingawa wakuu wa Kabul waliiona haina maana, na gharama yake ililipwa na wanavijiji. Kila ofisa atakayekabidhiwa maisha ya watu na ayaweke mambo hayo mawili kwenye mizani.