Alfa Iliyozidishwa Mara Mbili

Mwishoni mwa 1977, katika New York Institute of Technology, kisiwani Long Island, Ed Catmull alikuwa akiandika programu ya kuchora vitu vyenye kingo laini. Kila alipotaka kukiona kitu kilekile juu ya mandhari nyingine, ilibidi kompyuta ikichore upya tangu mwanzo, kwa kuwa pikseli za ukingoni zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na rangi ya nyuma. Na kompyuta za siku zile hazikuwa na haraka. Mwenzake, Alvy Ray Smith, akaja na wazo: mbali na nyekundu, kijani na bluu, kila pikseli ibebe namba ya nne, ya kueleza imefunika kwa kiasi gani. Namba hiyo wakaiita alfa. Sifuri, pikseli haionekani kabisa. 255, haipitishi kitu. Katikati ya hapo ndipo vinapoishi moshi, kioo, vivuli na kingo za herufi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Rangi ya mbele huzidishwa kwa alfa, ya nyuma kwa sehemu iliyobaki, kisha zinajumlishwa. Kwa tabaka mbili hakuna tabu. Zikiwa kumi, na unataka kuunganisha tatu za juu kwanza uzihifadhi, mambo yanabadilika. Bruce Wallace wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliyekuwa akishughulikia filamu za katuni, alionyesha mwaka 1981 jinsi ya kuunganisha tabaka kwa mpangilio wowote wa mafungu bila kuharibu matokeo.

Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff, wa kampuni ya Lucasfilm, wakatoa makala iliyokuja kuwa msingi wa fani nzima. Humo walipendekeza kuwa rangi ihifadhiwe ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa alfa yake. Nyekundu kamili iliyofunika nusu ya pikseli isiandikwe 255 na alfa 128, bali 128 na alfa 128. Kwa kufanya hivyo, kazi kubwa inafanyika mara moja tu, na namba zote nne zinapita katika hesabu ileile. Mwaka 1996 Catmull, Smith, Porter na Duff walipewa tuzo ya kiufundi ya Academy ya filamu ya Marekani. Walistahili, ingawa katika pendekezo hilo la 1984 kulikuwa na mtego ambao haukuonekana mara moja.

Mtego ni huu: ukizitazama namba zenyewe, huwezi kujua kama zimekwisha kuzidishwa au bado. Ni kama bei dukani isiyosema kama kodi imo. Mwenye duka akiiongeza tena, mnunuzi ameumia. Chukua ile nyekundu ya nusu, uiweke juu ya nyeupe. Jibu sahihi ni nyekundu 255, kijani 127 na bluu 127. Sasa anayechanganya akidhani rangi bado ni ghafi, yaani haijazidishwa, ataizidisha tena: 128 itashuka hadi 64, na jumla itaishia 191. Kingo zitazungukwa na utepe wa giza. Kosa la upande wa pili huzaa mng'ao: rangi ghafi ikidhaniwa imekwisha kuzidishwa, jumla hupita 255 na kukatwa.

Waliotunga miundo ya faili za picha waliliona hilo. TIFF ya 1992 iliruhusu namna zote mbili, mradi faili itamke ni ipi. PNG ya 1996 ilichagua rangi ghafi, na nadhani ilikuwa sawa, kwani rangi ikishazidishwa kwa alfa ndogo sana hupoteza undani usiorudi tena. Programu za kuchora madirisha zilishika njia ya Porter na Duff. Keith Packard alipounda Render kwa ajili ya X, mfumo wa madirisha wa Unix na Linux, karibu na 2000, rangi zake zilikuwa zimekwisha kuzidishwa. Wayland, mrithi wa X, nayo ikafuata.

Vidhibiti vya skrini ndani ya simu na kompyuta navyo vilikuwa vimejifunza kuchanganya tabaka vyenyewe: kishale, video, dirisha. Kila mtengenezaji wa chipu alikuwa na namna yake, na katika kerneli ya Linux dhana ya kuzidisha mapema ilikuwa mazoea tu. Mwishoni mwa 2018, toleo la 4.20 likaleta sifa moja ya pamoja yenye majibu matatu: alfa ya pikseli ipuuzwe, rangi imekwisha kuzidishwa, au rangi ni ghafi. Alfa ya tabaka zima, yaani namba moja inayohusu tabaka lote, inaingia katika yote matatu. Draiva, yaani programu inayoiendesha chipu, isipotangaza kuwa inalimudu jibu la pili, kerneli huikatalia kuisajili sifa hiyo, maana programu za zamani zinalitegemea jibu hilo bila kuuliza.

Kisha kuna upimaji. Katika majaribio ya draiva hizo, rangi moja huandaliwa kwa namna zote tatu na kupelekwa kwenye skrini. Jaribio halitazami kwa macho; linasoma namba ya ukaguzi inayotolewa na chipu kutokana na kila pikseli ya fremu nzima, na namba hizo tatu zisipolingana, draiva imefeli.