Mbwa wa Kupakatwa na Mkojo wa Furaha

Tarehe 25 Mei 1660 Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alirudi kutoka uhamishoni, akashuka Dover huku watu wakimshangilia ufukweni. Samuel Pepys, karani aliyekuwa katika msafara ule, alishuka kwa mashua nyingine pamoja na mtumishi wa mfalme na mbwa mmoja aliyependwa sana na mfalme. Njiani mbwa yule akajisaidia humo humo mashuani. Waliokuwamo wakacheka, na Pepys akaandika katika shajara yake kwamba jambo lile lilimfanya awaze kuwa mfalme na vyote vilivyo vyake ni kama watu wengine tu. Hakuandika kwamba mbwa alipigwa, wala kwamba alikaripiwa.

Kisa hicho mimi huwasimulia watu kazini kwangu. Mimi ni mhudumu katika kliniki ya wanyama huku Bristol, na kila mara hujitokeza mtu aliyembeba mtoto wa mbwa wa jamii ndogo, Cavalier au Pomeranian au Shih Tzu, na lalamiko ni lile lile. Mwenyewe akirudi nyumbani jioni, mbwa hukimbilia mlangoni, mkia haushikiki, mwili mzima watetemeka, na mkojo unamtoka kwenye zulia. "Ananikomoa," huniambia, "maana nilimwacha peke yake mchana kutwa." Hamkomoi. Furaha imemzidi, na msuli wa kubana kibofu bado haujakomaa. Hasira ya mwenye nyumba ndiyo inayohitaji kuelezwa, na maelezo yake yamo katika historia ya hawa mbwa wadogo na watu waliowapakata.

Mwaka 1570 John Caius, tabibu aliyepata kumhudumia Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichapisha kwa Kilatini kitabu kidogo juu ya mbwa wa Uingereza, na mwaka 1576 Abraham Fleming akakitoa kwa Kiingereza. Humo wamo mbwa wadogo wa mabibi wa kitajiri, wale waliobebwa kifuani na kulazwa mapajani, na ambao joto lao liliaminika kutuliza maumivu ya tumbo. Caius hakuwaheshimu sana. Aliwaona kuwa vitu vya anasa. Lakini picha aliyoiacha ni ya mbwa anayeishi mwilini mwa mwenye mali, tofauti na mbwa wa kuwinda aliyelala bandani. Mbwa wa namna hiyo akikojoa, anakojoa juu ya hariri.

Na walikojoa sana. Mfalme Charles alipofariki Februari 1685, John Evelyn, mwandishi mwingine wa shajara, alikumbuka jinsi mfalme alivyopenda kufuatwa na kundi la spanieli wadogo, na jinsi alivyowaacha majike wazae na kunyonyesha ndani ya chumba chake cha kulala, hata ikulu nzima ikanuka. Evelyn aliona vibaya. Mfalme hakujali, na sababu ya kutojali naiona wazi: hakuwa yeye aliyepiga deki. Walikuwapo watumishi wa kufuta, kubadilisha na kufua, na majina yao hayakuandikwa na Pepys wala Evelyn.

Nilikokulia, Tanga, mbwa hakuwa na nafasi ndani. Bibi yangu alitufundisha kwamba nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na mbwa wa jirani alilala uani akilinda. Mtoto wa mbwa yule alimwaga mkojo kila bwana wake alipofungua geti, nasi watoto tuliona. Mchanga uliumeza, hakuna aliyesema neno, na mbwa akakua akaacha mwenyewe. Kwa hiyo nilipofika Ulaya na kusikia kwamba jambo hili lina vitabu, dawa za kunyunyizia na wakufunzi wa kulipwa, nilistaajabu kwa dhati. Mbwa ni yule yule. Kilichoongezeka ni zulia, na mtu anayelisafisha kwa mikono yake mwenyewe.

Hilo ndilo ninalolishikilia. Mbwa wa kupakatwa alipotoka ikulu akaingia nyumba za kawaida, mkojo wake wa furaha ukageuka kosa. Safari hiyo ilichukua muda mrefu. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora kasri la kiangazi la mfalme wa China karibu na Beijing, Kapteni John Hart Dunne alirudi na mbwa mdogo wa Kipekini akamkabidhi Malkia Victoria. Alipewa jina Looty, yaani aliyetokana na ngawira, akaishi kwa malkia hadi 1872. Mwaka 1873 Kennel Club, chama cha kusajili jamii za mbwa, ikaanzishwa London, na 1891 yakafanyika maonyesho ya kwanza ya mbwa ya Crufts. Victoria mwenyewe alipenda Pomeranian, akawaonyesha hadharani, na watu wa tabaka la kati wakataka kuwa na walichonacho wakubwa. Baadaye, mwaka 1926, Mmarekani Roswell Eldridge akaweka zawadi ya pauni 25 huko Crufts kwa atakayeleta spanieli wa umbo la zamani, mwenye pua ndefu kama wale wa kwenye picha za enzi ya Charles. Hapo ndipo alipozaliwa Cavalier wa leo, na Kennel Club ikamtambua mwaka 1945. Jina la mfalme lilikuja naye mpaka kwenye nyumba za vyumba viwili. Watumishi hawakuja.

Desturi mbaya kuliko zote katika habari hii ni ya kumkamata mbwa shingoni na kumsugua pua kwenye mkojo wake. Nimewakuta wazee wa hapa wanaoifanya kama walivyowaona wazazi wao, na hawafikiri kuwa ni ukatili. Mafunzo ya kulazimisha yalipata nguvu zaidi kutoka kazi isiyohusiana kabisa na mbwa wa mapajani. Mwaka 1910 Konrad Most, ofisa wa polisi wa Ujerumani, alichapisha mwongozo wa kufundisha mbwa wa kazi, na katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza mafunzo ya mbwa wa jeshi. Most alijua mengi kuhusu tuzo na adhabu, na sehemu ya aliyoyasema ingali kweli. Lakini mbwa wake walikuwa wakubwa, wamepevuka, wanafundishwa kukamata wahalifu. Fikra ya kwamba mbwa lazima amtambue bwana wake kwa nguvu ilipohamia sebuleni, ilimkuta kiumbe wa miezi mitatu asiyetimiza kilo tatu.

Mwanga ulikuja kwa waliowatazama mbwa wakiwa na mama zao. Kitoto cha mbwa kinapozaliwa hakiwezi kukojoa chenyewe. Mama hukilamba tumboni na chini ya mkia, na kulambwa huko ndiko kunakofungua mkojo, naye huumeza ili malazi yabaki makavu. Kinapofika kama wiki tatu huanza kujitegemea na kutoka malaloni kwenda kukojoa pembeni. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor, Marekani, na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha jinsi wiki hizi za mwanzo zinavyojenga tabia ya maisha yote. Miongoni mwa jamii tano walizotumia alikuwamo Cocker Spaniel, ambaye ni ndugu wa mbali wa Cavalier, na Basenji, mbwa wa asili ya Kongo.

Rudolf Schenkel, mtafiti Mswisi, ndiye aliyeunganisha vipande. Mwaka 1947 alikuwa ameandika juu ya mbwamwitu wa bustani ya wanyama ya Basel, na watu wakachota humo fikra ya kiongozi anayetawala wenzake kwa mabavu. Mwaka 1967 akaandika tena, safari hii juu ya unyenyekevu. Mbwamwitu anayelala chali mbele ya mkubwa wake, na pengine kutoa mkojo kidogo, anarudia mkao wa utotoni, alipolala mbele ya mama akilambwa. Si uasi. Anasema kwa mwili: mimi ni mtoto wako. Mtafiti wa mbwamwitu David Mech naye, ambaye kitabu chake cha 1970 kilieneza habari za mbwamwitu mtawala, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na baadaye akamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu kile.

Basi mfikirie mbwa mchanga anayepigwa kwa mkojo huo. Anayeruka akiwa na furaha, mkia juu, na matone yakamtoka bila yeye kujua, ana tatizo la kibofu kichanga tu, na kwa kawaida humalizika kabla au karibu na kutimiza mwaka. Ukimkaripia, kesho atakupokea akiwa ameinama, masikio nyuma, na atakojoa tena, sasa kwa kuomba msamaha kwa njia pekee aliyofundishwa na mama yake. Ukiongeza ukali, naye anaongeza kuomba. Nimewaona mbwa walioharibiwa hivyo, na huniuma, kwa kuwa mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wala ukaidi.

Tangu 1982, daktari wa wanyama Ian Dunbar alipoanzisha California madarasa ya watoto wa mbwa wasiofungwa kamba, mafunzo ya upole yameenea, nami nayashukuru. Lakini wengi wanaokuja kliniki bado hawajayasikia, kwa hiyo nayasema hapa. Ukirudi nyumbani, ingia kimya. Usimwinamie, usimkodolee macho, usimpandishie sauti hata kwa mapenzi. Weka mzigo wako, mfungulie mlango atoke nje, na msalimiane huko akishakojoa. Wageni waambie wachuchumae kwa ubavu wamngoje awafuate. Pakilowa, pangusa bila neno. Na kama anavuja akiwa usingizini, au anakojoa kwa shida, au amevuka mwaka bila nafuu, mpeleke kwa daktari wa wanyama apimwe mkojo, kwa sababu huenda ni maambukizi na yanatibika.