Konokono Wenye Jina la Kardinali

Ninyi mkaao Mpala, Moba, Kalemie au Uvira, mmekwisha kuwakanyaga mara nyingi. Ni wale konokono wadogo washikao mawe kando ya ziwa Tanganika. Wavuvi hawawahesabu kuwa kitu. Kumbe wako waitwao Lavigeria, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe. Na wengine, wadogo zaidi, huitwa Bridouxia, kwa jina la Mgr Bridoux, askofu wa Tanganika. Majina hayo yametoka wapi?

Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika ziwani, naye Speke akachukua magamba machache. Mwaka 1859, huko London, Samuel Woodward aliyaeleza: aina nne tu, konokono wawili na wawili wa jamii ya chaza. Konokono mmoja akamwita Melania nassa. Maana mtaalamu hampi mnyama jina ovyo. Jina lina sehemu mbili: ya kwanza ni ya ukoo, ya pili ni ya aina yenyewe. Lazima aandike umbo lake, tena gamba moja liwekwe akiba liwe shahidi kwa watakaobisha baadaye.

Nao walibisha! Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 Kapteni Storms aliwakabidhi ngome yake ya Mpala. Magamba waliyookota yalisafiri mpaka Ufaransa, kwa bwana Bourguignat. Huyu ndiye aliyetoa jina la Bridouxia, mwaka 1885, na la Lavigeria, mwaka 1888. Na yule nassa wa Woodward akahamia ukoo wa Kardinali. Lakini Bourguignat alipenda mno kugawanya. Alipoona gamba lenye mistari tofauti kidogo, mara moja aliandika aina mpya. Nadhani hesabu yake ilikuwa kama ya mtu anayehesabu ndugu kwa nguo walizovaa. Wataalamu waliomfuata wakatupa mengi ya majina yake, hata Lavigeria wote wakabaki karibu aina mbili tu.

Mwingereza Moore naye alikuja mwishoni mwa karne ile. Aliona magamba yanafanana na ya baharini, akadai kwamba ziwa lilikuwa zamani sehemu ya bahari. Sivyo: konokono hao ni wa maji matamu.

Basi, nani alikuwa na haki, mgawanyaji au wapunguzaji? Gamba peke yake halikuweza kujibu. Watafiti wa siku zetu walizama majini, wakaona wanaokaa juu ya jiwe na wanaokaa mchangani. Walichungua meno madogo sana ambayo konokono hukwangulia chakula. Tena Lavigeria hatagi mayai: huwabeba watoto tumboni, kila mmoja na gamba lake, na gamba hilo la utoto hutofautiana aina kwa aina. Hivyo aina zikaonekana kuwa nyingi kupita mbili. Bourguignat alizidisha, lakini hakuota tu.

Katika kitabu cha kuwatambua kilichotolewa mwaka 2003, aina kadhaa zilikuwa bado hazina jina la Kilatini. Na wakati huohuo, milima iliyokatwa miti inamwaga udongo ziwani kila masika, nao unafunika mawe yaleyale wanapojilisha.