Kirusi na Kiswahili ndani ya kapu moja

Juzi mdogo wangu katangaza mezani kwamba anataka kusoma lugha chuo kikuu. Siyo sheria wala uhasibu. Lugha! Mzee akaweka kijiko chini, akauliza lile swali mnalolijua wote: "Sasa hiyo utakula nini?" Mimi ninayekula kwa kuandika habari nikaona bora niendelee na wali wangu.

Lakini swali limenikaa kichwani, nikaanza kusomasoma. Nimegundua kuwa Waingereza wamejiulizana swali la mzee kwa zaidi ya miaka mia moja kuhusu Kirusi na lugha ndugu zake za Kislavoni: Kipolandi, Kicheki, Kiserbia, Kibulgaria na nyinginezo. Na jibu lao limekuwa likibadilika kila serikali inapobadilisha marafiki na maadui.

Mwanzoni lilikuwa jambo la wachache wenye mapenzi yao. Pale Oxford alikuwepo William Morfill, aliyepewa kazi ya kufundisha Kirusi na lugha za Kislavoni mwaka 1889, akawa profesa mwaka 1900. Bwana huyu aliandika vitabu vya sarufi vya Kirusi, Kipolandi, Kiserbia, Kibulgaria na Kicheki. Ukishaingia katika familia ile, lugha moja inakuvuta kwenye nyingine. Maji kwa Kirusi, Kicheki na Kiserbia ni "voda", Mpolandi anaandika "woda". Ni kama sisi tunavyosema maji, Mganda akasema amazzi na Mnyarwanda amazi. Undugu hauna haja ya kuelezwa.

Mwaka 1907 Uingereza na Urusi zikamaliza ugomvi wao wa Asia kwa mkataba, na mwaka huohuo Bernard Pares akaanzisha shule ya masomo ya Kirusi Liverpool. Mwaka 1915, mataifa hayo mawili yakiwa upande mmoja vitani, ikazaliwa London shule ya masomo ya Kislavoni. Aliyetoa mhadhara wa uzinduzi alikuwa mkimbizi wa kisiasa, Tomáš Masaryk. Miaka mitatu baadaye mkimbizi huyo akawa rais wa kwanza wa Czechoslovakia. Kwa hiyo hata chumba cha darasa la lugha si cha kudharau.

Hapa sasa ndipo na sisi tunapoingia. Vita vya Pili viliwaonyesha Waingereza kwamba hawana watu wa kutosha wanaojua lugha za wenzao. Ikaundwa tume chini ya Lord Scarbrough, ikatoa ripoti mwaka 1947. Kazi yake ilikuwa kuangalia masomo ya Mashariki, ya Kislavoni, ya Ulaya Mashariki na ya Afrika. Naam, wote pamoja! Kirusi cha Tolstoy na Kiswahili cha bibi yangu vikawekwa kapu moja, na juu ya kapu pameandikwa: lugha za watu tunaowahitaji kuwaelewa. Mmoja alikuwa mpinzani mpya, mwingine alikuwa anatawaliwa.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha mwaka 1951. Vita baridi imepamba moto, vita ya Korea inaendelea, na jeshi la Uingereza linataka vijana wa kusikiliza redio za Warusi. Enzi hizo kijana wa kiume alilazimika kutumikia jeshi miaka miwili, tuseme kama JKT yetu lakini ndefu zaidi. Wale wenye vichwa vyepesi wakachaguliwa, wakapelekwa kwenye shule ya pamoja ya lugha ya majeshi, iliyokuwa Coulsdon na Bodmin, baadaye Crail kule Uskoti. Wengi walisoma Kirusi, wengine Kipolandi na Kicheki. Mitihani haikuisha. Ukifeli, unarudishwa kikosini kushika bunduki. Niambieni nani asingekariri!

Waliofanya vizuri sana walipelekwa vyuo vikuu vya London na Cambridge, wakivaa kiraia kama wanafunzi wengine. Cambridge kiranja wa mambo alikuwa Elizabeth Hill, profesa aliyezaliwa St Petersburg kwa mama Mrusi na baba Mwingereza.

Ila walimu ndio walionifanya niache kusoma nikae kimya. Wengi walikuwa wakimbizi: waliokimbia mapinduzi ya 1917 na waliopotezwa na vita ya Hitler. Hawakuwa na nyumbani pa kurudi. Walichobaki nacho ni lugha, na kazi waliyoipata ni kuifundisha kwa vijana watakaokaa na mashine masikioni wakiidukua nchi ileile waliyoililia. Wakafundisha sarufi, kisha wakafundisha nyimbo, mashairi na michezo ya kuigiza. Hayo jeshi halikuyahitaji sana.

Shule ilifungwa mwaka 1960, jeshi la lazima lilipokuwa linakwisha. Maelfu walikuwa wamepita. Waliopita Cambridge ni pamoja na Alan Bennett na Michael Frayn. Frayn baadaye akawa mtafsiri mkubwa wa tamthilia za Chekhov kwa Kiingereza. Serikali ililipia wasikilizaji wa redio, ikapata Chekhov.

Marekani nako, Sputnik iliporuka Oktoba 1957, hofu ikawashika, na mwaka 1958 ikapitishwa sheria ya kumwaga fedha katika masomo ya lugha. Kirusi kilinufaika kwanza, lakini Kiswahili nacho kikaja kufundishwa vyuoni kwa fedha za mfuko huo. Ndiyo maana unakutana na Mmarekani mwenye nywele nyeupe anakuamkia "shikamoo" bila kukosea.

Jana usiku nilimsimulia mzee habari hizi zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na Waingereza wanamwogopa nani sasa?" Mdogo wangu alikuwa anajaza fomu, akainua kichwa kusubiri jibu langu.